Njia Imo Kwenye Simu, Kifaa Hakiioni

Jumamosi kuanzia saa mbili usiku simu yangu huanza kulia. Kesho ni siku ya kupanda baiskeli, njia ilitumwa kwenye kundi tangu Alhamisi, na sasa ndipo watu wanakumbuka kuiingiza kwenye kifaa cha GPS cha baiskeli. "Bro, hii njia imekataa kuingia." "Kijana wangu, hiki kidude kinanionyesha mstari mtupu, barabara zimeenda wapi?" Huyo wa pili ni mzee mmoja tunayeendesha naye, fundi umeme mstaafu, na swali lake nililijibu kwa dakika mbili. Alisema alichokiona. Yule wa kwanza tulikesha naye.

Njia hupita mikono mingi kabla ya kufika kwenye skrini iliyo juu ya usukani: programu iliyoichora, faili, simu au kompyuta, waya au Bluetooth, ramani iliyomo ndani ya kifaa, mwisho setelaiti. Kifaa ndicho hulaumiwa kwanza, na ni nadra kikawa ndicho chenye kosa. Kwa hivyo tafadhali usianze kwa kukifuta chote na kukirudisha kama kilivyotoka dukani. Utapoteza mipangilio yako na safari ambazo hujazipakia, na hitilafu itakusubiri palepale ulipoiacha.

Umetumiwa njia kwa WhatsApp, ukiigusa hakuna kinachofunguka

Tazama kwanza kama ulichotumiwa ni faili. Wengi hutuma kiungo cha Google Maps wakidhani wametuma njia. Kiungo hicho hakuna kifaa cha baiskeli kitakachokimeza, na Google Maps yenyewe haitoi GPX, faili ya njia ambayo vifaa hivi husoma. My Maps ya Google hutoa KML, aina nyingine ya faili ya ramani, ambayo nayo Edge, kifaa cha baiskeli cha Garmin, haiijui mpaka igeuzwe. Mwombe mwenye njia aichore kwenye programu ya kupangia njia kama Komoot, Ride with GPS au Strava, kisha aitoe huko kama GPX au TCX, ambayo nayo ni faili ya njia.

Kama ni faili kweli, soma mkia wa jina lake. Inatakiwa kuishia .gpx. Ikipitia barua pepe au ikihifadhiwa upya kwenye simu, wakati mwingine huishia .gpx.xml, .gpx.txt au .bin, na simu ikiuona mkia huo inakufungulia programu ya maandishi badala ya ile ya baiskeli. Badilisha jina, ondoa kilichozidi. Kwenye Windows kuna mtego: mkia wa jina hufichwa, kwa hivyo unaona "ngong.gpx" ilhali jina kamili ni "ngong.gpx.txt". Washa kwanza kuonyeshwa mikia ya majina, ndipo uape kwamba ulibadilisha.

Usiogope kuligusa jina. GPX, tangu ilipoanza mwaka 2002, ni maandishi tu yaliyopangwa kwa XML, na unaweza kuyafungua na kuyasoma kwa macho yako. Tutayafungua baadaye kidogo.

Iko kwenye akaunti, kifaani haipo

Hili ndilo la kila wiki. Umeifungua GPX ndani ya Garmin Connect, programu ya simu ya Garmin, ukachagua kama ni ya lami au ya vumbi, ukahifadhi, ukaenda kulala. Kuhifadhi kumeiweka kwenye akaunti yako peke yake. Inabidi uifungue tena njia hiyo, uguse sehemu ya kutuma kwenye kifaa, uchague jina la Edge yako, halafu usawazishe kifaa kikiwa kimewashwa na kiko karibu. Ni hatua mbili, na ya pili ndiyo inayorukwa.

Ukitegemea Strava ipeleke yenyewe, hakikisha umeitia njia hiyo nyota. Isiyo na nyota hubaki hukohuko Strava. Wenye ELEMNT, kifaa cha kampuni ya Wahoo, huvuta njia kutoka kwenye akaunti walizounganisha, kwa hivyo fungua ukurasa wa njia na uamuru isawazishe upya kabla ya kulalamika.

Kuna kosa moja lililonichukua jioni nzima kulinasa. Mwenzetu aliunganisha Komoot na Garmin vizuri kabisa, kila kitu kijani, na bado hakuna njia iliyofika. Kumbe mara ya kwanza alijiandikisha kwa barua pepe na nywila, mara ya pili akabonyeza kitufe cha kuingia kwa Google kwa anwani nyingine. Alikuwa na akaunti mbili za Komoot. Alichora kwenye moja, na iliyounganishwa ni ya pili, tupu kama mtungi uliotoboka. Ukiona kila kitu kimeungana na hakuna kinachopita, linganisha anwani ya barua pepe iliyo ndani ya kila programu, herufi kwa herufi.

Kisha kuna betri ya simu. Simu nyingi tunazonunua hapa mjini hubana chaji kwa kuziua programu zinazofanya kazi kimyakimya. Dalili yake ni hii: ukiwa umeikodolea macho programu, kusawazisha kunakwenda, skrini ikizimika, kunakatika. Ingia kwenye mipangilio ya betri, iruhusu programu ya kifaa chako ifanye kazi bila kizuizi, na uipe pia ruhusa ya kuona vifaa vya karibu na mahali ulipo. Si bando. Njia moja ni nyepesi kuliko picha ya chai uliyoituma kwenye kundi asubuhi.

Bluetooth ikigoma kabisa, ivunje ndoa pande zote mbili, simu isahau kifaa na kifaa kisahau simu, halafu vioanishe upya ukianzia ndani ya programu. Ukianzia kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, vitaonekana vimeungana na havitazungumza.

Umehamia kwenye waya, kompyuta haioni kitu

Ni waya. Nasema hivyo kabla sijauona.

Waya wa kawaida wa USB 2 una nyuzi nne ndani: mbili hupitisha umeme, mbili hupitisha data. Nyaya nyingi za bei ya chini zina zile mbili za umeme tu. Ukiuchomeka, Edge inaonyesha betri inayojaa na kompyuta haisemi neno. Nilipata mmoja barabara ya Luthuli hapa Nairobi, mzuri, umesukwa kwa uzi mwekundu, nikaamini kwa wiki mbili kwamba tundu la kifaa changu limekufa. Siku hizi nikinunua huuliza, "Huu unapitisha data?" Nikijibiwa, "Boss, huo unachaji haraka sana," ninaurudisha kwenye kamba yake. Hakikisha pia ncha: Edge za zamani kama 500 na 800 hutumia USB ndogo ya aina ya mini, 530 na 830 ni mikro, na 540 na 840 ni aina ya C. Ile ya mini ukiipoteza, tafuta kwenye droo yenye kamera za zamani.

Waya ukiwa mzima, utaona folda iitwayo Garmin, na ndani yake NewFiles. Nakili GPX humo, kiondoe kifaa kwa njia ya heshima kupitia kompyuta ndipo uchomoe, kisha kiwashe na ukiache kidogo. Kifaa huigeuza GPX kuwa FIT, muundo wa Garmin wenyewe, na kuihamishia kwenye folda ya Courses. Hapo ndipo pa kupimia: kichomeke tena na uchungulie Courses. Ukikuta faili mpya yenye mkia wa .fit, njia imekubaliwa na unachotafuta ni menyu tu. Usipoikuta, kifaa kimeikataa faili, na shida haiko tena kwenye waya wala Bluetooth. Ukichomoa ghafla faili inaweza kuingia nusu, kwa hivyo jaribu mara moja zaidi kabla ya kuihukumu.

Wenye Mac, baadhi ya vifaa vipya hujitambulisha kwa MTP, njia nyingine ya kuhamisha faili kwa waya, na Mac haiielewi bila programu ya ziada. Azima kompyuta ya Windows, utaokoa muda.

Njia imeingia, kifaa kinasema mwanzo wake uko kilomita 285

Hii naipenda. Rafiki yangu alikusanya vituo vya mzunguko wa Ngong mwenyewe, akaviandika kwenye jedwali la kompyuta, akaligeuza kuwa GPX. Tuko kwenye kituo cha mafuta Karen, giza halijaisha, kifaa chake kinamwambia asafiri kilomita mia mbili na themanini na kitu kuelekea kaskazini ndipo aanze kupanda Ngong.

Nilifungua faili kwenye simu. Kila nukta kwenye GPX huandikwa hivi:

trkpt lat="-1.2921" lon="36.8219"

Hapo ni katikati ya Nairobi. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, kwa hivyo latitudo yetu hubeba alama ya kutoa. Yake haikuwa nayo. Alikuwa ameandika 1.29 akijua moyoni kwamba ni kusini, na kompyuta haijui ya moyoni. Ondoa kile kistari kidogo na Nairobi inahamia Samburu, si mbali na Maralal. Tulitumia kile cha kutafuta na kubadilisha zote kwa pamoja, lat=" ikawa lat="- , tukahifadhi, tukaondoka kabla jua halijatoka.

Ndugu wa kosa hilo ni kugeuza mpangilio. KML huandika longitudo kwanza, latitudo baadaye, na mtu akinakili bila kuangalia, Nairobi inatua kwenye 36.8 kaskazini na 1.3 magharibi. Hapo ni baharini, kati ya Uhispania na Algeria. Ukiona kifaa chako kinataka uogelee Bahari ya Kati, unajua pa kutazama.

Ukiwa umeifungua faili, usishtuke na saa. Saa ndani ya GPX ni za UTC, saa ya dunia, na huishia na herufi Z. Sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hivyo safari uliyoianza saa kumi na mbili asubuhi itaandikwa 03:00. Kuna aliyeniambia faili yake "imeingiliwa na mashetani" kwa sababu hiyo.

Mstari upo, barabara hazipo

Turudi kwa mzee. Edge yake aliletewa na binti yake kutoka Uingereza, na ramani iliyokuja nayo ni ya Ulaya. Afrika humo ni mistari michache ya barabara kuu na rangi ya udongo. Njia inafuatika, lakini ukifika makutano ya Dagoretti yenye midomo mingi, mstari mtupu hausaidii kitu.

Dawa ni ya bure. Data ya OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, hugeuzwa kuwa ramani za Garmin na tovuti kadhaa. Mimi hutumia BBBike, ambako unachora kisanduku juu ya eneo unalotaka na kuchagua muundo wa Garmin. Chora kisanduku kinachofika Thika, Limuru, Magadi na Machakos, usichukue bara zima. Faili inayokuja ni zip, na ukiifungua ndani yake mna inayoishia .img. Hii ndiyo nzito, kwa hivyo tafuta waifai. Iweke ndani ya folda ya Garmin, washa kifaa, kisha ingia kwenye mipangilio ya ramani na uiruhusu. Watu huiweka na kusahau kuiruhusu. Izime na ile ya Ulaya, hutaihitaji Kikuyu.

Usidharau ramani hiyo kwa kuwa ni ya bure. Kibera ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani mpaka vijana wa huko walipoanza kuichora wenyewe mwaka 2009, katika mradi wa Map Kibera, na leo vichochoro vyake vimo.

Vifaa vidogo kama Edge 130 havina ramani kabisa. Hiyo si hitilafu, vimeundwa kuonyesha mstari tu.

Umefuata njia, kifaa kikakupitisha kwingine

Sababu mbili. Ya kwanza iko ndani ya faili. GPX inaweza kubeba trk au rte. Trk ni nyayo zenyewe, nukta kwa nukta, na kifaa hufuata kama zilivyo. Rte ni vituo vichache, na kifaa hujitafutia njia ya kuviunganisha kwa akili yake. Ukitumiwa rte yenye vituo kumi kutoka Westlands hadi Tigoni, kifaa changu na chako vinaweza kutupeleka kwa barabara mbili tofauti na kila kimoja kikaapa kiko sawa. Unapotoa faili kwenye programu, chagua trk daima.

Sababu ya pili ni kule kukokotoa upya. Ukikosea kona, kifaa hutafuta njia mpya ya kukurudisha, na mara nyingine huganda hapo kikihesabu hadi mlima uishe. Mimi nimeizima kabisa. Nikipotea, mstari wangu wa asili ubaki pale niuone, nirudi mwenyewe.

Kama kinakuonyesha njia sawasawa lakini hakilii kwenye kona, faili yako ni mstari bila maelekezo. TCX na FIT hubeba alama za kona. GPX ya kawaida mara nyingi haina.

Njia inakwenda kilomita tatu, inageuka, inarudi ulikotoka

Hili ni la Thika Road, na lawama ni ya kidole cha mchoraji. Barabara ile kwenye ramani ni mistari mingi sambamba: ya kwenda, ya kurudi, na ile ya pembeni kila upande, ambayo ndiyo yetu. Kwenye skrini ya simu zote zinaonekana mstari mmoja. Ukigusa, nukta yako inanasa upande wa kurudi, na programu kwa utii inakupeleka mpaka mahali pa kugeukia halafu inakurudisha kuigusa nukta hiyo. Matokeo ni mwiba uliochomoza kwenye njia. Kuza ramani mpaka uone mistari ikitengana, vuta nukta uiweke pembeni. Kabla ya kutuma njia kwa watu, ifuate kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho ukitafuta miiba. Dakika tatu, na hutatukanwa Roysambu.

Mombasa Road ni mbaya zaidi, kwa sababu tangu 2022 barabara ya juu, Expressway, imekaa kichwani mwa ya chini. Baiskeli haziruhusiwi kwenye Expressway. Ukichora kwa mpangilio wa baiskeli programu huikwepa, lakini ukichora kwa mkono bila kufuata barabara, au kwa mpangilio wa gari, mstari unaweza kupanda juu. Kwenye skrini hutajua. Utajua ukifika kwenye kizuizi cha kulipia, na askari anakutazama.

Kifaa kinalia umetoka njiani, nawe uko njiani

Chini ya Expressway zege hufunika anga na mawimbi ya setelaiti hufika yakiwa yamegonga nguzo na majengo kwanza. Nukta yako inaruka huku na huku kama panzi. Msitu wa Karura ni vivyo hivyo kwa sababu ya miti mirefu. Washa mifumo yote ya setelaiti iliyomo, GPS pamoja na Galileo na GLONASS, ingawa betri italiwa zaidi, na ndani ya msitu amini namba zilizoandikwa kwenye vibao vya makutano kuliko mlio.

Kifaa kilichosafiri kwa ndege au kulala miezi sandukuni huchelewa kupata setelaiti mara ya kwanza. Ujumbe kamili wa GPS kutoka angani huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa, kwa hivyo kiweke uwanjani, mbali na ghorofa, ukanywe chai. Waliopata vifaa vikuukuu waangalie na tarehe: hesabu ya majuma ya GPS huanza upya kila majuma 1,024, na ilifanya hivyo tarehe 6 Aprili 2019. Kifaa kisichosasishwa kinaweza kuonyesha mwaka wa karibu miongo miwili nyuma. Njia itafuatika, ila safari yako itaandikwa ya zamani hizo. Sasisha programu yake ya ndani.

Halafu lile la Magadi. Ukishapita Kiserian na kuanza kuteremka kutoka Corner Baridi, mtandao wa simu huja na kuondoka, na kila safari kuna anayepiga kelele kwamba GPS itazima. Haizimi. Kifaa husikiliza setelaiti tu, hakihitaji laini wala bando. Kinachozimika ni simu yako, kama ulipanga kuipakua njia hukohuko.

Kikikung'ang'ania urudi mwanzo wa njia kwa sababu umejiunga na wenzako katikati, kataa kinapokuuliza. Ukianza kusonga kitakunasa kwenye mstari.

Na yote yakishindikana, nipigie. Nitumie picha ya skrini na faili yenyewe, si picha ya faili, kabla ya saa tatu usiku. Baada ya hapo nakuwa natia hewa kwenye magurudumu.